Mamlaka Yaliyomegwa kwa Kalamu: Zanzibar na Mataifa ya Ulaya, 1822–1896

Kuanguka kwa dola ya Zanzibar husimuliwa mara nyingi kuanzia mwisho wake, yaani asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipolipiga mizinga jumba la mfalme ufukweni mwa mji kwa muda usiotimia saa moja, na vita vikamalizika kabla jua halijafika utosini. Masimulizi ya namna hiyo yana mvuto wake, kwa sababu vita hivyo vinahesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote vinavyojulikana katika historia, lakini yanampotosha msomaji katika jambo la msingi, kwani yanamfanya aamini kwamba Zanzibar ilinyang'anywa uhuru wake siku ile na kwa baruti. Ukweli ni kwamba siku ile hapakuwa na uhuru uliosalia wa kunyang'anywa. Jeshi, hazina, forodha, mashauri ya wageni, mipaka ya nchi na hata haki ya kumteua mrithi wa kiti, vyote vilikuwa vimekwisha kutoka mikononi mwa Sultani kimoja baada ya kingine katika muda wa miaka 70 na zaidi, na karibu kila kimoja kilitoka kwa karatasi iliyotiwa saini na Sultani mwenyewe.

Uchokozi wa aina hiyo baina ya mataifa ni mgumu kuutambua wakati unapotendeka, kwa kuwa kila hatua yake, ikitazamwa peke yake, ni ndogo kiasi kwamba kuipinga kwa silaha kungeonekana wazimu, ina sababu inayosemeka hadharani, na aghalabu huja imefungamana na msaada ambao mtawala anauhitaji kweli wakati huo. Si haki, kwa hiyo, kuwahesabu masultani wa Zanzibar kuwa ni watu waliolaghaiwa kwa ujinga wao. Walikuwa wanasiasa wazoefu, na baadhi yao walizijua mbinu hizo kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wamezitumia. Sayyid Said bin Sultan, ambaye majaribio yake ya kuiteka Mombasa kwa nguvu yalishindikana zaidi ya mara moja, hatimaye aliipata mwaka 1837 kwa kuugawa ukoo wa Mazrui, na baada ya suluhu kufungwa viongozi wa ukoo huo walikamatwa wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas. Dola iliyomegwa na Wazungu ilikuwa yenyewe imejengwa kwa kumega.

Hatua ya kwanza ilichukuliwa mwaka 1822, miaka kumi hivi kabla Said hajaanza kuyahamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Katika mkataba uliojadiliwa na Kapteni Fairfax Moresby, Said alikubali kuwakataza raia wake kuwauzia Wakristo watumwa, na mstari ukachorwa baharini kutoka Rasi Delgado, kupitia mashariki ya Sokotra, hadi Diu katika pwani ya India. Alihitaji urafiki wa serikali ya Kiingereza ya Bombay dhidi ya maadui zake wa Ghuba, na gharama ya urafiki huo ilionekana kuwa nafuu, kwani biashara kubwa ya watumwa ya raia wake ilielekea Arabuni na wala si katika visiwa vya Wafaransa. Jambo lililokuwa zito katika mkataba ule lilikuwa ni ruhusa iliyoambatana na katazo: manowari za Kiingereza zilipata haki ya kuvikamata vyombo vya raia wa Said vilivyokutwa na watumwa ng'ambo ya mstari. Kwa mara ya kwanza sheria ya baharini juu ya raia wake ilisimamiwa na mtu asiyekuwa yeye. Mkataba wa mwaka 1845, ulioanza kutumika mwaka 1847, ulikwenda mbali zaidi kwa kukataza watumwa wasitolewe katika milki zake za Afrika kupelekwa Arabuni, na eneo la ukaguzi wa manowari likapanuka vivyo hivyo.

Wakati huohuo mikataba ya biashara ilikuwa ikifanya kazi nyingine, ambayo haikuhusu watumwa na ambayo kwa sababu hiyo haikuvuta macho ya watu. Marekani ilitangulia mwaka 1833, Uingereza ikafuata mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Mikataba hiyo ilikuwa na masharti mawili yenye kufanana. La kwanza ni kwamba ushuru wa bidhaa zilizoletwa na wafanyabiashara wa nchi hizo haungezidi asilimia 5, maana yake ni kwamba mtawala aliyehitaji fedha zaidi siku za shida hangeweza kuupandisha bila ya ridhaa ya wageni. La pili ni kwamba mashauri ya raia wa nchi hizo yangesikilizwa na balozi mdogo wa kwao, yaani mwakilishi aliyekaa mjini kuangalia biashara na watu wa nchi yake, badala ya kadhi au Sultani. Mmarekani Richard Waters alifika kushika kazi hiyo mwaka 1837, na Mwingereza Atkins Hamerton mwaka 1841.

Kwa Wamarekani na Wafaransa, waliokuwa wachache, sharti hilo la pili lilibaki kuwa jambo la wageni wachache. Uzito wake ulionekana pale Waingereza walipodai kwamba Wahindi wa Zanzibar, ambao walikuwa maelfu na waliishi huko kwa vizazi, ni raia wao. Ili kulielewa dai hilo ni lazima kuielewa forodha. Sultani hakuwa na maofisa wake wa ushuru. Aliikodisha forodha yote kwa mfanyabiashara mmoja ambaye alimlipa kiasi kilichopatanwa kwa kila mwaka na kisha akajirudishia fedha zake, pamoja na faida, kutokana na ushuru wenyewe. Kwa miaka mingi mpangaji huyo alikuwa ni nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch, ambayo pia ilikuwa mkopeshaji mkuu wa ukoo wa kifalme. Balozi Christopher Rigby, aliyefika mwaka 1858, aliwalazimisha Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza kuwaacha huru watumwa wao, nao wakaachwa kwa maelfu, na baadaye Rao wa Kutch, mtawala aliyekuwa chini ya kivuli cha Waingereza huko India, alitangaza kwamba hata watu wake walioko Zanzibar waangaliwe na balozi huyohuyo. Hapana shaka kwamba wale walioachwa huru walipata kheri isiyo na kifani. Lakini kwa upande wa utawala matokeo yake yalikuwa kwamba mkusanyaji wa ushuru wa Sultani, ambaye ndiye pia aliyekuwa mdai wake, alikuwa sasa chini ya sheria ya balozi wa taifa jingine, na hayo yalitokea bila ya bunduki hata moja kufyatuliwa.

Kifo cha Said baharini mwezi Oktoba 1856 kilifungua mlango mwingine. Mwanawe Thuwaini alikuwa Maskati na mwanawe Majid alikuwa Zanzibar, na kila mmoja alikuwa na hoja ya kudai urithi. Mwaka 1859 Thuwaini alituma vyombo vya vita kuelekea Afrika, Waingereza wakavirudisha njiani na kumshawishi akubali usuluhishi. Mwaka huohuo Barghash, ndugu yao mwingine, alimwasi Majid akajifungia katika shamba lililoitwa Marseilles, na Majid akamshinda kwa msaada wa mabaharia wa Kiingereza. Barghash alipelekwa Bombay. Tarehe 2 Aprili 1861 Lord Canning, mtawala wa Uingereza nchini India, alitoa uamuzi kwamba nchi ziwe mbili, na kwamba Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka kwa kuwa ndiyo iliyopata fungu lenye mali zaidi. Majid aliupokea uamuzi huo kwa shukrani, kwani ulimhakikishia kiti chake. Ila kiti kilichohakikishwa na mwingine ni kiti cha kuazima, na malipo yale ya kila mwaka yaligeuka kuwa ugomvi wa kudumu hadi serikali ya Uingereza ya India ilipoyachukua yenyewe, na kwa hatua hiyo Maskati nayo ikawa inasubiri fedha kutoka mkono wa Mwingereza.

Mwaka mmoja baada ya uamuzi wa Canning, tarehe 10 Machi 1862, Uingereza na Ufaransa zilitia saini tamko la kuheshimu uhuru wa masultani wote wawili. Tamko hilo linastahili kuangaliwa zaidi kuliko kawaida. Halikutiwa saini na Majid wala na Thuwaini. Lilikuwa ni ahadi ya mataifa mawili ya Ulaya, moja kwa jingine, na shabaha yake ilikuwa kumzuia mwenzake asijichukulie. Uhuru wa Zanzibar ulikuwa umegeuka kuwa mali ya watu wengine wawili, na ahadi ya aina hiyo wenye kuiandika ndio wenye uwezo wa kuiuza.

Barghash alirudi kutoka uhamishoni, na Majid alipofariki mwezi Oktoba 1870 akashika kiti. Miezi kumi na minane hivi baadaye, mwezi Aprili 1872, kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuvunja vyombo vyake vya bandarini. Ni katika hali hiyo Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipofika mwanzoni mwa mwaka 1873 kudai kwamba biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikomeshwe yote. Barghash alikataa, akieleza kwamba mashamba yameharibika na kwamba Waarabu wake hawatamwelewa. Frere akaondoka, balozi John Kirk akabaki, na baada ya muda akaleta habari kwamba kisiwa kitazingirwa na manowari. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Mwandishi yeyote mwenye insafu ni lazima aseme mambo mawili kwa pamoja hapa, bila ya moja kulifuta jingine: kwamba kufungwa kwa soko lile kulikuwa haki, na kwamba haki hiyo ilikuwa ndiyo silaha bora kuliko zote ambazo Uingereza ilipata kuishika katika Bahari ya Hindi, kwa kuwa hapakuwa na mtu Ulaya ambaye angethubutu kumtetea Sultani dhidi yake.

Kutoka hapo Barghash alijikuta katika mtego ambao kila jitihada ya kujinasua iliukaza. Raia wake wenye mashamba na majahazi walikuwa wamemkasirikia kwa sababu ya mkataba, hivyo akahitaji jeshi la kuutekeleza. Jeshi hilo liliundwa kuanzia mwaka 1877 na Luteni Lloyd Mathews wa jeshi la majini la Uingereza. Meli kuukuu ya kivita iliyoitwa London ilitia nanga bandarini kuanzia mwaka 1874 ikawa kituo cha kudumu cha doria. Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi uliwekwa kutoka Aden, na tangu hapo amri kutoka London ilimfikia Kirk kwa muda mfupi, ilhali Sultani hakuwa na mtu wake katika mji mkuu wowote wa Ulaya. Barghash ndiye aliyejenga jumba la Beit al-Ajaib, lililokamilika mwaka 1883, na wageni wengi wakilitazama hudhani wanatazama kilele cha nguvu za Zanzibar. Nyumba ile ilijengwa na mtu ambaye hakuweza kupandisha ushuru wa bandari iliyokuwa mbele ya baraza yake.

Urafiki wa Waingereza, ambao ndio uliokuwa umelipiwa kwa yote hayo, ulipimwa mara moja tu, ukashindwa. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters na wenzake walipita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami wakikusanya alama za watemi na wazee kwenye karatasi za Kijerumani, mojawapo ikiwa ile ya Mangungo wa Msovero, ambayo ilimfanya akane kwamba amewahi kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar na wakati huohuo amkabidhi Peters nchi yake. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, Mfalme Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Barghash alilalamika kwa simu ya maandishi na kupeleka askari bara. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zikasimama mbele ya jumba lake, na Kirk, mtu ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa amemwahidi Sultani kwamba utiifu wake utalindwa, akapokea maagizo ya kumshauri akubali. Uingereza ilihitaji kura ya Ujerumani katika mambo ya Misri, na Zanzibar haikuwa na cha kuweka upande wa pili wa mizani.

Kilichofuata ni tume ya mipaka ya mwaka 1885 na 1886, yenye wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, ambayo ilisafiri katika mwambao kuchunguza ni wapi hasa Sultani anatawala, huku Sultani mwenyewe akiwa hana mjumbe mwenye kauli sawa na wao. Kipimo kilichotumika kilikuwa cha Ulaya: palipo na liwali, yaani gavana wa mji, palipo na askari, palipo na bendera na ushuru. Mamlaka ya Zanzibar barani hayakuwa ya namna hiyo. Yalikuwa ni mtandao wa misafara, mikopo, ndoa, heshima na zawadi, uliofika Tabora na Ujiji bila ya kuwa na mpaka, na kwa kipimo kile mtandao wote huo ukaandikwa kuwa si kitu. Mapatano ya mwishoni mwa Oktoba 1886 yalimwachia Sultani Unguja, Pemba, Mafia na visiwa vya Lamu, pamoja na ukanda wa bara wenye upana wa maili 10 hadi Kipini na miji kadhaa ya pwani ya Wasomali. Bara yote ya nyuma ya ukanda iligawanywa kwa mstari kutoka mto Umba hadi Ziwa Viktoria, unaoukwepa mlima Kilimanjaro, na mstari huo hadi leo ni sehemu kubwa ya mpaka wa Kenya na Tanzania. Ufaransa iliridhia kwa kuachiwa Visiwa vya Ngazija, na tamko la mwaka 1862 likaanza kuuzwa.

Ukanda wenyewe haukudumu. Mwezi Mei 1887 Barghash aliikodisha sehemu yake ya kaskazini kwa kundi la mfanyabiashara Mwingereza William Mackinnon kwa miaka 50, na mrithi wake Khalifa, mwezi Aprili 1888, akaikodisha Mrima, yaani sehemu ya kusini ya Umba, kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Ukodishaji huo ulieleza kwamba mamlaka ni ya Sultani na kwamba kampuni inatawala kwa jina lake. Mwezi Agosti 1888 Emil von Zelewski, ofisa wa kampuni hiyo huko Pangani, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe na alimdharau liwali hadharani, na hapo watu wa Mrima, ambao hakuna aliyewauliza chochote kuhusu karatasi yoyote kati ya hizi, wakasema hapana. Abushiri bin Salim al-Harthi na Bwana Heri wa Saadani waliongoza vita ambavyo havikuwa vya Sultani; kwa kweli Sultani alitakiwa avilaani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Inafaa kuzingatia kwamba katika miaka yote 70 upinzani wa silaha ulio mkubwa kuliko wote ulitoka kwa watu wasiokuwa na nafasi ya kutia saini.

Mwaka 1890 hesabu zilifungwa kwa haraka. Ali bin Said, aliyemrithi Khalifa, alikubali himaya ya Uingereza mwezi Juni, himaya ikiwa ni mpango ambao nchi hubaki na mfalme na bendera yake lakini mambo yake ya nje huendeshwa na nchi nyingine. Tarehe 1 Julai Uingereza ikaipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland ili Ujerumani iitambue himaya hiyo, na mwezi Agosti Ufaransa ikauza kilichosalia cha ahadi yake ya mwaka 1862 kwa kutambuliwa kuwa mwenye himaya ya Bukini, yaani Madagaska. Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni 4 ili Mrima iwe mali yake moja kwa moja. Mwaka 1891 balozi wa Uingereza Gerald Portal aliichukua hazina, akamwekea Sultani posho maalumu, na kumfanya Mathews kuwa waziri wa kwanza. Mwaka 1895 fedha za fidia ya Mrima, ambazo zilikuwa pauni 200,000 hivi, zilitumika kuilipa kampuni ya Mackinnon iliyoshindwa ili iondoke katika mwambao wa kaskazini. Sultani, kwa maneno mengine, alitumia thamani ya nusu ya pwani yake kuikomboa nusu ya pili kutoka kwa mpangaji wake mwenyewe, na nusu hiyo ikaingia katika utawala wa Uingereza kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, pamoja na pauni 6,000 za riba ya fedha zile.

Khalid bin Barghash alipoingia katika jumba la mfalme mwezi Agosti 1896 kukidai kiti bila ya kibali cha Uingereza, alikuwa amekosea kwa kuamini kwamba bado kuna kiti cha kukalia. Watu wapatao 500 wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa, naye akakimbilia ubalozi wa Ujerumani. Hamoud bin Mohammed akawekwa siku hiyohiyo. Kodi ya pwani, hata hivyo, iliendelea kulipwa mwaka baada ya mwaka, na kwa sababu ya kodi hiyo bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, katika muda wote ambao nchi ya nyuma yake ilikuwa koloni la Kenya. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1960 karatasi ya mwaka 1895 ikawa na nguvu ambayo waandishi wake hawakuikusudia, kwani vyama vya siasa vya Mwambao viliitumia kudai kwamba pwani haikuwa sehemu ya Kenya. Dai hilo lilizimwa kwa mapatano ya London ya tarehe 8 Oktoba 1963, ambapo Sultani aliachia haki zake, huku Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, wakiandikiana barua za kuhakikisha uhuru wa dini, hati za ardhi na mahakama za kadhi katika ukanda huo. Mahakama hizo zimo katika ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na wanaopinga kuwamo kwake, kama walivyofanya wengi kabla ya kura ya maoni ya mwaka huo, bado wanabishana na masharti ya ukanda wa maili 10.